Gari Lililochorwa na Upepo

Kama utoto wako ulipitia filamu ya Cars ya mwaka 2006, basi The King unamjua. Lile gari la buluu lenye namba 43, pua ndefu iliyochongoka, na bawa lililosimama juu ya buti utadhani mtu amesahau stuli ya baa pale. Sauti yake ni ya Richard Petty mwenyewe, bingwa wa mbio za NASCAR. Wengi wetu tulidhani wachoraji wa Pixar walilitoa kichwani. Wapi! Gari hilo lilikuwepo. Linaitwa Plymouth Superbird, la mwaka 1970, na Mmarekani wa kawaida angeweza kuingia dukani, alipe, aliendeshe hadi nyumbani.

Baadaye ukakua kidogo, ukahamia Fast & Furious, na hapo ukakutana na Dodge Charger nyeusi ya Dom. Hiyo nayo ni ya 1970. Magari haya mawili ni binamu. Yote yalitoka kwa kampuni moja, Chrysler, na injini zake kubwa zilipikwa jiko moja. Lakini weka picha zake kando kwa kando uulize washikaji zako wangechukua lipi. Watachukua la Dom, hata hawatafikiria mara mbili. Upepo ulikuwa na maoni tofauti kabisa.

Kwa miaka miwili hivi, 1969 na 1970, watengenezaji wa magari Marekani waliacha kubishana na injini wakaanza kubishana na hewa. Waliishinda haraka kuliko walivyotarajia. Shida ni kwamba ndani ya yale magari kulikuwa na watu, na chini yake kulikuwa na tairi.

Tuanze na misuli yenyewe. Gari ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza katika ukoo huu ni Pontiac GTO ya 1964. Fomula yake haikuwa na siri: chukua gari la wastani, la baba wa familia, uliwekee injini iliyokusudiwa gari kubwa. GTO ilipata injini ya silinda nane ya lita 6.4, yenye nguvu za farasi 325 kwa hesabu ya kampuni. Vijana wakapagawa. Ford, Chrysler, Chevrolet, kila mtu akaingia jikoni kupika yake.

Kumbuka gari hili lilikusudiwa kufanya nini. Mahali pake palikuwa barabara kama Woodward Avenue kule Detroit, usiku, kwenye taa. Taa inageuka kijani, magari mawili yanaondoka, na kabla hujamaliza kukohoa mambo yamekwisha. Kipimo kilikuwa robo maili, yaani mita 402 moja kwa moja, hakuna kona. Gari kali la enzi hizo lilimaliza kwa sekunde 13 ama 14, likifika mwisho na kasi ya kilomita 160 hivi kwa saa. Kwa mchezo huo unahitaji nguvu na tairi zinazoshika lami. Breki? Nyingi zilikuwa za ngoma, zile za kizamani, na hakuna aliyelalamika sana kwa sababu tangazo halikutaja kusimama. Na hizo namba za farasi nazo zilikuwa na mambo yake. Injini ilipimwa ikiwa imetolewa kwenye gari, bila feni, bila mfumo kamili wa moshi, bila chochote cha kuinyonya nguvu. Mpaka 1972 ndipo kampuni zilipoanza kutangaza namba za injini ikiwa imevaa nguo zake zote, na farasi wengi wakatoweka kwenye vitabu usiku mmoja.

Kwa ufupi, katika mita 402 upepo haupati nafasi ya kukudai. Gari linaweza kuwa na uso kama ukuta wa ghala na bado lishinde.

Sasa ondoka Detroit twende Florida. Mwaka 1959 Bill France, mwanzilishi wa NASCAR, alifungua uwanja wa Daytona. Ni mzunguko wa kilomita nne, na kona zake zimeinuliwa kwa nyuzi 31. Ukijaribu kuupanda ule mwinuko kwa miguu utaomba mkono wa mtu. France alitaka dereva aingie kona bila kuondoa mguu kwenye mafuta, na alipata alichotaka. Pale ndipo magari ya Marekani yalipoanza kukaa kwenye kasi ya juu kwa saa tatu nzima, na pale ndipo hewa ilipoacha kuwa kitu tupu.

Kondakta yeyote anayening'inia mlangoni mwa matatu kwenye Thika Road anaijua hewa hii kwa mwili wake. Ukiongeza kasi mara mbili, hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu mara nne. Na kwa kuwa unakutana na hewa hiyo haraka zaidi pia, injini lazima itoe nguvu mara nane. Ndiyo maana kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa ni kitu rahisi, lakini kutoka 280 hadi 300 ni vita. Halafu kuna la pili, ambalo linaua. Gari la kawaida liko bapa chini na mviringo juu. Kitu kingine chenye umbo hilo ni bawa la ndege. Kadiri unavyokimbia, hewa inayopita juu inalivuta gari kutoka ardhini, na tairi za nyuma zinaanza kuelea. Dereva anageuza usukani na gari linafikiria kwanza kabla ya kumjibu.

Madereva walielewa haya kabla ya wahandisi. Mwaka 1960 Junior Johnson, jamaa wa North Carolina aliyejifunzia uendeshaji kwa kusafirisha pombe haramu milimani huku polisi wakiwa nyuma yake (ndiyo, chang'aa ya kwao), alifika Daytona na Chevrolet iliyokuwa nzito kwa mbio mbele ya Pontiac za wapinzani. Akagundua kwamba akijibana nyuma kabisa ya gari lenye kasi, gari lake linakokotwa. Gari la mbele linapasua hewa na kuacha nyuma yake kijishimo cha hewa hafifu, nawe unakaa humo ukisafiri kwa deni la mwenzako. Johnson alishinda mbio zile za Daytona 500. Hakuwa na handaki la kupimia upepo. Alikuwa na makalio na masikio.

Lakini viwandani bado waliamini injini. Mwaka 1964 Chrysler walileta Hemi, injini ya lita saba ambayo vyumba vyake vya kuchomea mafuta vina umbo la nusu tufe, hivyo vali zake ni kubwa na inapumua vizuri kuliko nyingine zote. Mwaka 1963 aliyetoka wa kwanza kwenye majaribio ya Daytona, Fireball Roberts, alikwenda maili 160.943 kwa saa. Mwaka uliofuata Paul Goldsmith, kwenye Plymouth yenye Hemi, alikwenda 174.910. Ukipiga hesabu ya upepo, kuruka hivyo kunataka nguvu zaidi ya robo juu ya ile ya mwanzo, na Chrysler waliipata kwa msimu mmoja tu. Petty alishinda Daytona 500 ya mwaka huo bila wasiwasi.

Tairi, hata hivyo, zilikuwa bado za jana. Mwezi Septemba 1964 Jimmy Pardue alikuwa Charlotte akiwafanyia Goodyear majaribio ya tairi. Gari lilitoka uwanjani, akafa. Mwaka huo huo Roberts naye alikufa kutokana na majeraha ya moto aliyoyapata kwenye ajali uwanjani hapo hapo Charlotte, na Joe Weatherly, bingwa mara mbili, alikufa Riverside. Msimu mmoja, watu watatu wa majina makubwa. NASCAR walipiga marufuku Hemi kwa 1965 kwa kuwa haikuwa inauzwa kwa umma, Chrysler wakanuna wakasusia sehemu kubwa ya msimu, kisha 1966 wakaja na Hemi ya barabarani ya farasi 425 ili sheria itimie. Hiyo sheria iweke akilini. Ukitaka kushindana na kitu, lazima kwanza ukiuze.

Tufike sasa kwenye Charger. Umbo la 1968, lile la Dom, ni moja ya maumbo mazuri zaidi kuwahi kutoka Detroit, na mimi sitabishana na mtu juu ya hilo. Kiuno kimebanwa kama chupa ya soda. Uso wake ni shimo jeusi, grili imerudishwa ndani na taa zimefichwa. Nyuma, kioo kimezama katikati ya nguzo mbili zinazoteremka kama mapanga. Wanunuzi walikimbilia, na zaidi ya magari 90,000 yaliuzwa mwaka ule wa kwanza, wakati la mwaka uliotangulia lilikuwa limedoda.

Uwanjani ilikuwa aibu. Ule uso wa shimo ulikusanya hewa kama ndoo. Kile kioo kilichozama kilifanya hewa iliyotoka juu ya paa iporomoke na kuvurugika, ikivuta gari nyuma na kuinua tako lake. Vitu vile vile vilivyolifanya lipendeze ndivyo vilivyolikwamisha. Ford walikuwa na Torino na Mercury walikuwa na Cyclone, zote mgongo wake ukiteremka mteremko mmoja laini mpaka nyuma. Cale Yarborough alichukua Daytona 500 ya 1968 kwenye Mercury, na David Pearson akachukua ubingwa wa mwaka kwenye Ford.

Chrysler walijaribu kwanza kwa viraka. Walichukua grili ya gari lingine la Dodge, Coronet, wakaileta mbele kabisa kuziba lile shimo, na nyuma wakachomelea bati ili kioo kilale sambamba na nguzo. Wakaliita Charger 500. Ford, ambao hawakuwa wamelala, wakajibu na Torino Talladega, pua imeongezwa na kuchongwa, bampa ya nyuma imekatwa ikafungwa mbele kwa sababu ni nyembamba zaidi, na kingo za chini ya milango zimekunjwa juu ili gari likae chini zaidi bila kuvunja sheria. Huo wa mwisho ni ujanja wa kisawasawa, wa kupimwa na rula mbele ya mkaguzi na bado ukapita.

Petty aliona yanayokuja. Aliomba Chrysler wampe gari linaloujali upepo, wakamwambia baki na Plymouth yako. Akaondoka, akaenda Ford. Ni kama mchezaji wa maisha yote wa Gor kuamka siku moja amevaa jezi ya Ingwe.

Daytona 500 ya Februari 1969 iliamuliwa kwenye mzunguko wa mwisho. Charlie Glotzbach alikuwa mbele na Charger 500. LeeRoy Yarbrough, kwenye Ford ya timu ya Junior Johnson, yule yule wa chang'aa, alijibana nyuma yake, akachomoka, akapita. Viraka havikutosha.

Basi Chrysler wakawaachia wahandisi mkono. Baadhi yao walikuwa wametoka kwenye kazi za makombora na roketi, kwani Chrysler hao hao ndio waliounda hatua ya kwanza ya roketi ya Saturn IB. Watu wawili, John Pointer na Bob Marcell, walichora wazo linalofanana, kila mmoja kivyake. Waliacha kuuliza gari lipendeze vipi. Wakauliza hewa inataka kupita wapi.

Jibu lilikuwa na sehemu mbili. Mbele, pua ya chuma ya karibu nusu mita, iliyochongoka na kuinama, ili hewa igawanyike mapema na nyingi ipite juu badala ya kuingia chini. Pua hiyo iliondoa tatizo la mbele kuinuka kwa sababu sasa hewa iliikandamiza. Lakini ukikandamiza mbele pekee, nyuma inazidi kuwa nyepesi. Kwa hiyo nyuma likaja bawa la alumini juu ya nguzo mbili, urefu wa karibu sentimita 58. Ni bawa la ndege lililogeuzwa juu chini, linasukuma gari ardhini. Zile nguzo zenyewe zilifanya kazi pia. Gari likianza kuteleza upande, hewa inazipiga ubavuni na kulirudisha mstarini, kama manyoya yanavyonyoosha mshale.

Kwa nini refu hivyo? Hadithi maarufu inasema lilipandishwa ili buti lifunguke. Lina ukweli, buti kweli lilipaswa kufunguka kwa mteja. Lakini juu pale pia ndipo penye hewa safi ambayo haijavurugwa na paa. Pande zote mbili ziliridhika, jambo ambalo halitokei mara nyingi kati ya wahandisi na watu wa mauzo.

Waliliita Dodge Charger Daytona. Majaribio yalipita kwenye handaki la upepo la Chuo Kikuu cha Wichita State na la Lockheed kule Georgia. Kipimo chake cha ukinzani wa hewa kilikuwa takriban 0.28, namba ambayo gari jipya la leo bado linaweza kujivunia kwenye brosha. Sheria ilitaka magari 500 yauzwe kwa umma. Wakatengeneza 503. Walikuwa wanalipa kodi tu kwa ile sheria.

Kama unaona hii sheria ni mambo ya Wamarekani peke yao, angalia barabara zetu. Lile bawa kubwa nyuma ya Subaru Impreza WRX STI ama Mitsubishi Lancer Evo, linalopita Nairobi saa nane usiku likiamsha mtaa, lina mantiki ya aina hiyo hiyo. Magari hayo yalizaliwa kwa sababu kanuni za mbio za rali zilidai kampuni iuze kwa watu wa kawaida kile inachotaka kupeleka mashindanoni. Evo iliyoshinda Safari Rally ya 1996 mikononi mwa Tommi Mäkinen ilikuwa na ndugu zake madukani. Mwenye STI anayeenda Naivas na lile bawa na mwenye Daytona wa 1969 aliyeenda kununua maziwa nalo, wote walibeba mzigo wa mbio zilizokimbiwa na mtu mwingine.

Septemba 1969 Bill France alifungua uwanja mwingine, Talladega kule Alabama, kwenye eneo la uwanja wa zamani wa ndege. Mzunguko ni kilomita 4.3 na kona zimeinuliwa nyuzi 33. Mkubwa kuliko Daytona na wa kasi kuliko Daytona. Charger Daytona ilikuwa na uzinduzi wake hapo. Glotzbach alizunguka kwa maili 199.466 kwa saa, sawa na kilomita 321. Hewa ilikuwa imeshindwa.

Na tairi zikaanza kuchanika. Baada ya mizunguko michache tu, mpira ulikuwa unatoka vipande vipande. Gari lililokuwa likielea zamani sasa lilikuwa limegandamizwa chini, linaingia kona ndefu kwa kasi ambayo hakuna tairi iliyowahi kutengenezewa. Firestone waliangalia hali wakafunga virago. Mwezi mmoja kabla yake madereva walikuwa wameunda chama, Professional Drivers Association, Petty akiwa rais. Madai yao yalikuwa ya kawaida ya wafanyakazi popote: bima, pensheni, mazingira ya kazi. Sasa wakawa na dai moja zaidi. Ahirisha mbio mpaka tairi zipatikane.

France alikataa. Akiwa na umri wa miaka 59 aliingia kwenye Ford mwenyewe, akazunguka uwanja kwa maili 176 hivi kwa saa, akatoka akasema mnaona, inawezekana. Mwajiri wa aina hii unamjua. Alikimbia polepole kwa zaidi ya maili 20 kuliko kasi waliyokuwa wakiilalamikia, peke yake uwanjani, kisha akawaita wengine waoga.

Jioni ya Jumamosi magari yalipakiwa kwenye malori yakaondoka, la Petty likiwa mbele. Jumapili, tarehe 14 Septemba, mbio zilianza zikiwa zimejazwa na madereva na magari ya daraja la chini. Bendera ya manjano ilitolewa tena na tena ili tairi zibadilishwe. Mshindi alikuwa Richard Brickhouse, kijana aliyejitoa chamani ili aendeshe gari la zambarau lililokuwa la Glotzbach. Hakushinda tena mbio za daraja hilo maishani mwake.

Kati ya nyota, mmoja alibaki. Bobby Isaac alitoka Catawba, North Carolina. Aliacha shule mapema akafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na alikuwa mtu wa maneno machache. Mwaka ule alikuwa ameshinda zaidi ya mara kumi kwenye Dodge nyekundu namba 71 iliyoandaliwa na fundi wake mkuu, Harry Hyde. Wenzake walipoondoka yeye alikaa. Kumlaumu ni rahisi ukiwa na kwingine pa kwenda. Mimi simlaumu, ingawa naamini Petty na wenzake walikuwa sahihi na France hakuwa.

Mwaka 1970 ndio ulikuwa mwaka wa mabawa. Plymouth, wakitaka Petty arudi nyumbani, walimpa alichokuwa ameomba: Superbird, binamu wa Daytona. Sheria mpya ilidai gari moja kwa kila wauzaji wawili wa kampuni, hivyo ilibidi watengeneze zaidi ya 1,900. Paa lake lilifunikwa kwa vinili nyeusi, na watu walidhani ni urembo. Ilikuwa ya kuficha alama za kuchomelea kwenye kile kioo cha nyuma, ili wasilipie mafundi wa kuzisugua. Honi yake ililia kama yule ndege wa katuni, Road Runner.

Uwanjani lilikuwa moto. Pete Hamilton, mwenzake Petty, alishinda Daytona 500 na mbio zote mbili za Talladega mwaka huo. Tarehe 24 Machi, Buddy Baker alipeleka gari la majaribio la Chrysler Talladega, Daytona ya buluu namba 88, akazunguka kwa maili 200.447 kwa saa. Karibu kilomita 323. Hakuna aliyekuwa amevuka maili 200 kwenye uwanja wa mzunguko na gari la namna hiyo. Mwezi mmoja nyuma, kwenye mbio za mchujo Daytona, Talmadge Prince, dereva mgeni kabisa kwenye daraja hilo, alikuwa amekufa ndani ya Dodge yenye bawa baada ya injini yake kupasuka na kugongwa na gari lililomfuata.

Dukani, hadithi nyingine. Watu walikuja, wakaliangalia, wakacheka, wakanunua Road Runner ya kawaida. Ile pua na lile bawa havikumsaidia mtu yeyote kwenye taa za Woodward. Kwenye kasi halali ya barabarani bawa lilikuwa pambo, na pua ilikuwa nusu mita ya ziada ya kugonga kuta za maegesho. Superbird zilikaa nje ya maduka zikipigwa na mvua. Wauzaji wengine walizing'oa pua na mabawa, wakazirudishia uso wa kawaida ili ziondoke. Leo yenye Hemi ikipigwa mnada inaweza kuvuka dola milioni moja. Hao wauzaji sijui wajukuu wao wanawaangaliaje.

France naye alikuwa ameona ya kutosha. Agosti 1970, Michigan, NASCAR walianza kuweka bamba lenye matundu chini ya kabureta ili injini inyimwe pumzi. Ukiona mantiki hapo nishtue: hewa ya nje imeshindwa kulizuia gari, basi tulizuie kwa hewa ya ndani. Kwa 1971 wakamalizia kazi. Gari lenye pua na bawa lilipewa kikomo cha injini ya lita tano, huku wengine wakibaki na saba. Halikupigwa marufuku kwa jina, lilibanwa tu mpaka likose sababu ya kuja. Dodge moja tu yenye bawa ilijitokeza Daytona 500 ya mwaka huo, ikiendeshwa na Dick Brooks na kainjini kake kadogo. Ikamaliza ya saba. Haikurudi tena.

Kuhusu misuli ya kawaida, ilikufa yenyewe. Kampuni za bima zilipandisha bei kwa vijana, sheria za hewa chafu zikaja, na mwaka 1973 mafuta ya Waarabu yakafungwa. Hiyo yote imeandikwa mara nyingi.

Isaac alikuwa bingwa wa 1970 na ile Dodge nyekundu. Gari lilipokosa mahali pa kushindana, Septemba 1971 yeye na Hyde walilipeleka Bonneville, Utah, kwenye jangwa la chumvi, wakalikimbiza peke yake. Waliweka rekodi 28, zingine kwa kasi ya zaidi ya maili 216 kwa saa. Hakukuwa na wa kupitwa.

Agosti 1973 Isaac alirudi Talladega, safari hii kwenye Ford ya Bud Moore, haina pua wala bawa. Mapema kwenye mbio hizo Larry Smith, aliyekuwa dereva chipukizi bora wa mwaka uliotangulia, aligonga ukuta akafa. Mizunguko kama 90 ilipofika, Isaac alipiga simu ya redio akasema tafuteni mtu mwingine wa kuendesha. Gari lilikuwa zima. Akaingia kando, akazima injini, akashuka. Alieleza baadaye kwamba sauti ilimwambia aache, na kwamba hakuwa amejua kuhusu Smith. Mtu mwingine akakaa kwenye kiti chake, mbio zikaendelea, na aliyezishinda alikuwa Dick Brooks.